Anwani ya Chumba cha Saba

Macho hayana pazia, na masikio ya kinyozi hayajapata kuwa na mlango. Ndani ya basi, kinyozi mmoja alimsikia mama mshonaji aliyekaa mbele yake akimwambia abiria wa pembeni kwamba anakwenda uhamiaji kubadilisha anwani kwenye kibali cha ukaazi.

"Umehamia wapi, mama?" "Chumba cha saba. Nilikuwa cha sita." "Jamani, hata paka hajui umehama. Upange foleni kutwa kwa mlango mmoja?" "Nchi ya watu hii, mwanangu. Wakigonga cha sita wanikose, nitaitwa mtoro. Nguo za kupiga pindo nimebeba, sitakaa bure."

Kinyozi alimvulia kofia kimoyomoyo. Kibali chake yeye kilisema anaishi kwenye nyumba iliyobomolewa miaka mitatu iliyopita. Basi liliposimama uhamiaji, kituo ambacho hakikuwa chake, akateremka nyuma ya yule mama.