Mukono wa Irambona Marie-Rose (1986–2025)

Ndugu, marafiki, majirani wa Kavimvira, na nyinyi pia muliokuya kuhakikisha kama kweli amekufa, karibuni. Viti vya mbele tumewawekea wale waliokulaka kwa mukono wa marehemu. Tumeweka vinane, na tunaona vitatosha. Kitu Marie-Rose alitafuta miaka kumi na moja kilikuwa kimoja tu: mutu akae, apokee sahani kutoka kwake, akule bila kuogopa. Maisha yake yote mutayasikia hapa. Mukisahau mengine, mushike ile.

Irambona Marie-Rose alizaliwa Bwegera tarehe 14 Agosti 1986, mukesha wa sikukuu ya Bikira Maria, njo maana ya ile jina. Alikuwa mutoto wa tatu wa Nyandwi Étienne, mulimaji wa mupunga, na mama Claire. Mama anasema alizaliwa akiwa analia kwa sauti ya juu. Wale waliosikiaka odio zake za telefone, dakika saba mpaka nane, wanajua kama ile sauti haikushuka.

Shule ya musingi alianza pale pale Bwegera mwaka wa 1992. Darasa la tano alilifanya mara mbili, si kwa ujinga, ni juu ya vita. Mwaka wa 1996 masasi yalipoanza kulia, walimu walikimbia mbele ya wanafunzi, na mpaka mwisho akikutana na mwalimu wake wa zamani njiani alikuwaka anamuuliza kama magoti yalipona.

Mwezi wa tisa mwaka wa 2000, watu wa bunduki walifika tena. Nyandwi alificha familia ndani ya matete, pembeni ya muto Ruzizi, pamoja na mbuzi mumoja aliyebakia. Siku ya pili, askari wakiwa wanapita njiani, mbuzi alianza kulia. Nyandwi alimushika shingo kwa mikono miwili mpaka akanyamaza. Askari walipita. Kisha walipofika pahali pa usalama, yule mbuzi alichomwa na kila mutu akapewa kipande. Marie-Rose alikuwa na miaka kumi na nne. Alirudisha chake.

"Huyu amekufa juu yetu," aliambia baba yake. "Tena tumukule?"

Nyandwi alimupiga kofi, kisha kile kipande akakikula yeye mwenyewe. Tangu siku ile Marie-Rose hakukulaka tena nyama wala samaki. Maziwa aliacha kisha. Mayai yalimushikilia miaka mingine mingi, juu omeleti ya asubuhi ilikuwaka inamuvuta, na hatutaki kumufanya mutakatifu leo juu tu amelala ndani ya sanduku.

Diplome d'État, ile ya kumaliza sekondari, aliipata Luvungi mwaka wa 2007, na asilimia 54. Yeye alikuwaka anasema 56. Alifundisha darasa la tatu pale Luvungi miaka tatu. Watoto wake wa shule walimuita Mwalimu Lengalenga, njo kusema muchicha, na wazazi waliacha jina liende, juu hata wao waliliona linamufaa.

Tarehe 23 Julai 2011 alifunga ndoa na Venant Niyonzima, fundi wa pikipiki wa hapa Kavimvira. Kwenye karamu alikula wali na maharagwe tu. Kwa bamukwe walifikiri ni haya ya bibi arusi. Haya iliisha, maharagwe yakabakia. Walizaa watoto wawili: Délice mwaka wa 2012, na Héritier mwaka wa 2015. Pembeni ya barabara ya mupaka alifungua malewa yake, kibanda cha chakula cha meza tatu. Madereva wa pikipiki walikuwaka wanakuya kula maharagwe yake na mawese, wakimuchekelea kama pale kwake mbuzi anaingia kama kliyenti.

Sasa tufike pahali wengine walituomba turuke. Haturuki.

Nyinyi wote munajua desturi yetu. Anayepakua njo anaonja wa kwanza, mbele ya mugeni, mugeni aone kama chakula iko safi. Miaka mbili na nusu Marie-Rose alipika nyama nyumbani kwa Venant na Venant njo alikuwa anaonja. Lakini tarehe 1 Januari 2014 baba mukwe, mzee Hyacinthe, alikuya kusalimia Mwaka Mupya, na Venant alikuwa bado iko garaji. Marie-Rose alipakua nyama ya ngombe, akaweka mbele ya mzee. Mzee alingoja. Marie-Rose alipeleka kijiko kwenye kinywa. Kijiko kikafika kwenye midomo, kikarudi.

"Baba, nimepika kwa roho safi," alisema. "Ni nyama tu njo haipiti kwangu."

"Haipiti kwako," mzee alijibu, "ipite kwangu?"

Alisukuma sahani, akavaa kofia, akaenda. Tuandike hapa vizuri, juu imekwisha kuchafuliwa sana: mzee hakukula. Hata kijiko kimoja. Na wakati mzee alikufa tarehe 9 Machi, tumbo ikimuuma, binti yake Claudette alisimama katikati ya kilio na kusema ni Marie-Rose alimupa sumu. Mutu mumoja alimukumbusha kama mzee hakukula ile sahani. Claudette alisema mvuke ulitosha. Mvuke. Na watu wazima, wenye diplome, waliitikia na kichwa.

Tangu pale meza tatu za malewa zilikauka. Pikipiki zilikuwa zinapita mbio. Wamama kwenye bomba ya maji walifunika ndoo zao akikaribia. Délice alikatazwa na bibi yake kukula kwa mama yake, na mutoto wa miaka mbili aliketishwa chini ahesabiwe meno, eti kama yamebadilika rangi. Venant alikuwaka anakula saa sita kwa mama yake, kila siku. Hakumufukuza muke. Hakumutetea pia. Marie-Rose aliendelea kupika, akila peke yake, inayobakia akimwangia kuku wa jirani, na yule jirani akafunga kuku.

Mwaka wa 2016 alipata telefone, ya mukono wa pili, kioo imepasuka pembeni. Kitu cha kwanza aliandika kwenye Facebook, ile ya bure isiyoonyesha foto, ilikuwa hii: "Mutu asiyekula nyama iko mugonjwa?" Walimurukia. Watu mia na zaidi, hata wa Bukavu, hata wa Kalemie, kila mutu na tusi lake. Mumoja aliandika kama majani ni ya mbuzi. Marie-Rose alimujibu: "Na weye si unakula mbuzi? Basi majani tunakula sisi wote. Tofauti ni kama weye unayakula chaguwa, sawa nguo za mitumba, mwingine amekwisha kuyavaa." Yule mutu alifuta profili yake. Sisi tulihifadhi ile jibu, na tunaitumia mpaka leo.

Kati ya matusi yote kulikuwa jibu moja la Inamahoro, mushonaji wa Bujumbura. "Hauko mugonjwa," aliandika. "Kuya huku, tuko kumi na saba." Grupu iliitwa Sahani Bila Damu. Ndani mulikuwa fundi wa nyumba wa Goma, infirmiye anayeuguza watu Kigoma, mwinjilisti wa Baraka ambaye kanisa lake lilikatazaka nyama hata kabla ya vita, na wengine ambao kila mumoja alikuwa njo peke yake kwao. Marie-Rose aliogopa kuandika wiki tatu. Alinunua megabaiti, akaangalia tu foto za sahani za wengine. Kisha akatuma yake, dodo, ile lengalenga, na karanga, na chini yake akaandika kama kwao anayepakua lazima aonje kwanza, na yeye hajaonja mbele ya mutu tangu mwaka wa 2014.

Inamahoro hakumupa pole. Alimuambia aonje sasa, ajirekodi, watu waone. Marie-Rose alishikilia telefone juu ya sufuria, akaonja, akameza. Ndani ya saa moja kumi na saba wote walituma video zao wakionja, infirmiye akiwa amevaa blusi ya kazi, fundi akiwa juu ya ukuta. Tangu pale ikawa sheria ya grupu: kila Jumapili, kisha ya misa, haurushi foto ya sahani kama hatujakuona ukionja. Mukwe aliyeitwa mulozi akawa admini. Alikuwa admini mukali. Mutu akituma foto bila kuonja, alimutoa nje, akamurudisha jioni na odio ya dakika nane. Foto ya profili yake ilikuwa bilinganya, miaka tisa, bilinganya ile ile. Kwa hii programu ya mazishi familia imechagua foto ya arusi. Sisi tulipiga kura ya bilinganya, tukashindwa.

Mwezi wa pili mwaka huu, vita vilipokaribia Uvira, malewa ilivunjwa na kuporwa. Marie-Rose alivuka mupaka wa Gatumba kwa miguu na Venant, watoto, mama mukwe na Claudette. Siku nne walilala chini ya bâche, yani turubai, wakikula biskuti. Alipopata rezo ya telefone aliandika kwenye grupu neno moja, "Gatumba," na kesho yake Inamahoro alifika na gunia ya maharagwe, sufuria, na watu wawili wa grupu ambao hakuna aliyekuwa amewaona na macho. Marie-Rose alipika. Alipakua, akaonja mbele ya wote, tena sana, juu njaa ilikuwa inamuuma yeye pia. Watu wa bâche za pembeni walipokea. Délice na Héritier walipokea. Mwishowe Claudette alinyoosha sahani yake.

Alikula sahani tatu. Hakufa.

Waliporudi Uvira mwezi wa nne, Claudette aliambia watu kama ile ilikuwa njaa, na mutu mwenye njaa anakula hata adui. Marie-Rose alipoambiwa, alicheka, akasema basi ngoja vita virudi.

Mwezi wa nane miguu yake ilianza kuvimba. Hapa hopitali waliona presha ya damu imeharibu figo, presha ile ile iliyomuchukua baba yake Nyandwi mwaka wa 2019. Na Nyandwi, kama munavyokumbuka, alikuwaka anakula nyama. Lakini mutaani ikawa ni kukosa nyama, ni Mungu amelipa, ni mzee Hyacinthe anamuita. Watu walikuya kumuona kwenye kitanda ili wamuambie atubu, akunywe supu. Alikuwaka anawauliza kama wameleta kijiko, waonje kwanza. Grupu, ambayo leo iko na watu mia mbili na kumi na mbili, ilituma odio nyingi mpaka infirmiye aliomba telefone izimwe. Alikufa Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025, saa nne ya asubuhi, mama Claire akimushika mukono. Alikuwa na miaka 39.

Juzi, Jumanne, familia ilikaa kusoma hii karatasi mbele ya kuipeleka kwa muchapaji. Claudette alitaka tuandike kama amekufa na ugonjwa wa kukosa nyama, na ya mzee Hyacinthe tuifute. Wakubwa walikuwa wanakubali. Venant, aliyekuwa ameketi karibu na mulango, alisimama.

"Baba alikuwa na kansa ya tumbo," alisema. "Muganga wa hopitali aliniambia mwaka wa 2012. Karatasi iko ndani ya koti yangu ya arusi. Mama hangeweza kusikia ile neno, nikanyamaza. Kisha mukasema ni sumu, nikanyamaza tena."

Claudette alimuuliza kwa nini anasema leo, miaka yote alikuwa wapi.

"Nilikuwa naogopa Marie-Rose aniulize vile vile," Venant alijibu. "Sasa hawezi tena."

Alienda chumbani, akaleta karatasi. Ilipita mukono kwa mukono. Hakuna aliyeomba musamaha. Lakini hakuna aliyetaja tena nyama, na kalamu ilibakia kwetu, sisi watoto wa dada yake.

Marehemu anaacha mama yake Claire. Watoto wake Délice na Héritier, ambao tangu Gatumba wamekula kwa mama yao mpaka siku ya mwisho. Ndugu zake wanne wa Bwegera na Luvungi. Mama mukwe wake. Mume wake Venant, aliyetuomba yale maneno yake tuyachape yote, na jina lake juu yake. Wifi yake Claudette, aliyetuomba tusimuandike. Tumemuandika. Anaacha pia watu mia mbili na kumi na mmoja wa Sahani Bila Damu, ambao wakubwa walisema si jamaa. Watano wamevuka mupaka asubuhi hii, na wameshika viti vyao.

Marie-Rose, lala sasa kwa utulivu, pahali hakuna mutu anaogopa mukono wako.