Mazoezi ya Baridi

Ndani ya basi la kutoka Nzilo, Mwamini alimtazama jirani yake aliyevaa koti la sufu na glavu, jasho likimtiririka.

"Citoyen, uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Mi ni ingénieur Kazadi. Kanisa inanituma mu milima ya Lesotho, nifunge mashini ya kuvuta maji na kuhubiri. Kule kuko baridi sana. Njo maana kila siku ninaingia mu frigo, chumba ya baridi ya muuza nyama, ninahubiria bangombe benye kutundikwa."

Mwamini, Mwislamu, aliona mahubiri hayo si shauri lake, lakini safari ilikuwa ndefu. "Banasikilizaka?"

"Banatulia kabisa!"

"Balikufa, tata. Kule utakuta batu bazima, beko na maulizo."

Basi likasimama mbele ya duka la nyama. Kazadi alishuka, akafunga vifungo vyote, kisha akarudi dirishani mbio.

"Mama! Maulizo gani?"