Neno la Mwalimu Bartolomeo

Birika la pili la kahawa lilikuwa motoni na Mama Penina bado hakuwa na jibu la kumpa mwalimu. Kijiwe chake kilikuwa mbao mbili juu ya matofali, pale njia ya Mbulumbulu inapoingia barabara ya Ngorongoro. Lami ilikuwa bado haijafika Karatu, na vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye kashata. Mwalimu Bartolomeo, aliyefundisha Kijerumani kwa madereva wa watalii na mbio kwa mabinti wa sekondari, alitaka kumpeleka Penina kambi ya riadha Arusha likizo nzima. Alisema atapita asubuhi hii kuchukua jibu. Arusha haikumtisha Mama Penina. Kilichomtisha ni magoti. Kocha mwingine alishawahi kumchukua Scholastika, binti wa jirani, akamkimbiza goti likiwa limevimba, huku akipiga kelele, “Ongeza! Ongeza!” Sasa Scholastika akishuka ngazi za kanisa anashika ukuta.

Wateja wa Mama Penina walishamjadili mwalimu tangu kikombe cha kwanza.

— Mtu katembea Ujerumani, Algeria, mpaka Japani, — alisema Fowili, dereva wa watalii ambaye gari lake lilikuwa gereji. — Halafu arudi kukaa Karatu? Huyo alifukuzwa, washkaji.

— Kwao ni Mbulumbulu, — alisema Mzee Ngano, ambaye shamba lake liko huko huko. — Aliondoka na koti moja, karudi na koti lile lile. Mtu wa kawaida hawezi.

— Mimi nasema ni mpelelezi, — alisema Kipara, kinyozi. — Kwa nini baiskeli yake haina kengele? Mpelelezi hataki kelele.

— Hataki kelele na kila asubuhi anapayuka “Langizamu! Langizamu!” mpaka ng'ombe wangu wanaacha kula?

— Hilo ndilo jina la mke wake wa huko, mzee. Anamwita.

— Mke gani anaitwa kila asubuhi na haji?

— Ndiyo maana anaendelea kumwita!

Walicheka. Mama Penina hakucheka. Alikuwa anasuuza vikombe.

— Hiyo ni dawa, — alisema Mzee Ngano, akishusha sauti. — Mabinti wanapakwa miguuni wamelala. Akitaja jina lake, dawa inaamka.

— Mzee, acha hizo. Mimi nilisoma kwake, — alisema Fowili.

— Ulisoma lini? Ulitoroka kabla hujajua kuomba maji!

— Nilitoroka na maneno yangu, shida yako nini? Langizamu ni “kanyaga mafuta”.

Mama Penina aliacha kusuuza.

— Fowili, una uhakika?

— Asilimia mia, mama. Kanyaga mafuta, usiangalie nyuma.

Kwa Mama Penina ilikuwa ile ile “Ongeza!”, kwa Kijerumani, basi. Alimmiminia Fowili nusu kikombe, na Fowili akakitazama bila kuelewa kosa lake.

Pembeni alikaa mama mmoja wa Kimasai, Namelok, aliyekuwa anasubiri gari la kwenda Engaresero, mzigo wa shanga miguuni. Alikuwa hajasema neno zaidi ya salamu.

Mabinti wakatokea njia ya Mbulumbulu, Penina akiwa mbele kabisa, anatimua mbio kama anayekimbiza basi. Nyuma yao, juu ya baiskeli, koti likipepea, alikuja mwalimu.

— Langizamu!

— Umeona koti? — alisema Mzee Ngano.

— Tazama macho yake, — alisema Kipara. — Anahesabu magari ya watalii.

— Langizamu, Penina! Langizamu!

Namelok hakuangalia koti wala macho. Alitazama chini, kwenye miguu ya wale mabinti, jinsi mtu anavyotazama mifugo ikirudi kisimani, kujua yupi anachechemea.

— Samahani, — alisema. — Mimi hiyo lugha siijui. Lakini mbona akisema hivyo, wanapunguza mwendo?

Kipara akajikuna.

— Labda wamechoka.

— Wote pamoja? — aliuliza Namelok.

— Yeyo, — alisema Fowili taratibu, akimwita mama kwa Kimasai, — Ujerumani kila kitu ni kinyume. Hata usukani uko kushoto.

Mama Penina alikuwa ameshajifuta mikono na kuvuka barabara. Mwalimu alishuka kwenye baiskeli.

— Mama Penina. Nimefuata jibu.

— Na goti likimuuma huko?

— Atapumzika.

— Na mashindano?

— Yatakuja mengine.

— Hilo neno lako maana yake nini?

Mwalimu alicheka kidogo.

— Taratibu. Ya Kiswahili wanaambiwa na mama zao tangu wanatambaa, hawaisikii tena. Ya Kijerumani wanaitii.

— Nani alikufundisha?

— Mzee mmoja kule, kocha. Nilimsikia nikiwa nimeshachelewa. — Akagusa goti lake la kulia, kisha akaondoa mkono.

Mama Penina alimtazama Penina, ambaye alikuwa anajifanya anafunga kamba ya kiatu ili asikie vizuri.

— Aende. Na abebe sweta, mwezi huu Arusha ni baridi.

Lori la ngano lilipita, likamwaga vumbi juu ya wote. Vumbi lilipotulia Mama Penina alikuwa amesharudi, na kijiwe kizima kilikuwa kimemgeukia.

— Kakwambia? — aliuliza Kipara. — Langizamu ni nini?

Mama Penina aliinamisha birika juu ya kikombe cha Namelok. Yalitoka masimbi tu.

— Kahawa imeisha, — alisema.

Mzee Ngano alimgeukia Fowili.

— Umesikia? Na wewe ukatuambia ni mafuta.