Mzee Baki na 1022117

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye mashine kubwa ya kuchapa, Mzee Baki anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina la kwenye kitambulisho tunawaachia watu wa ofisini. Karakana nzima inamwita Baki, kwa sababu ukimtajia namba yoyote atakuuliza ukiigawanya inabaki ngapi.

Alianza kwa kubeba marobota ya karatasi, akapanda hadi msimamizi wa zamu. Vitabu vya shule havikuwahi kuchelewa mikononi mwake. Kila mgeni alimpokea kwa swali moja: 91 ni namba tasa? Aliyejibu ndiyo aliosha rola za wino wiki nzima, huku akirudia saba mara kumi na tatu. Mwandishi huyu aliosha. Meneja naye aliosha, tai shingoni.

Lakini kipenzi chake hasa ni 1022117, namba iliyogongwa kwenye kibao cha shaba cha mashine yake. Alitaka kujua kama kuna namba inayoigawanya bila kubakiza kitu. Kikokotoo alikikataa katakata. "Atakayeninong'oneza jibu, mimi na yeye basi!" alituonya. Isitoshe, alijiwekea sharti: atagawanya tu mashine ikiharibika na kusubiri fundi, namba tasa moja kwa kila hitilafu, kwa chaki, ubavuni mwa mashine. Kwa 3 hakuhitaji hata chaki. Alijumlisha tarakimu akapata 14, akatikisa kichwa. Kwa 7 ikabaki 5. Kwa 13 ikabaki 5 tena, akacheka peke yake hadi jioni. Mashine ikigoma sisi tulinuna, yeye alikunja mikono ya shati.

Mwezi uliopita alifika 997. Ikabaki 192, akaweka chaki chini. Alipiga hesabu ya harakaharaka: elfu mara elfu ni milioni, basi kama zipo namba mbili zinazozaa hii, iliyo ndogo ingeshaonekana kabla ya elfu. Akatangaza kwamba namba yake ni tasa. Tulimpigia makofi, naye akajitahidi kutabasamu.

Mkewe, anayempitia jioni, ndiye aliyetupasulia ukweli. "Chakula hakimshuki," alisema. "Ananiambia namba yake imeishi miaka yote hiyo bila ndugu. Utadhani kafiwa!"

Tuliumia sana, maana dada wa ukataji karatasi alishaijaribu kwenye simu yake zamani, na sote tumebana midomo tangu siku hiyo. Kumwambia jibu ni kumnyang'anya kazi yake. Kumwacha aondoke hivi hivi tumeshindwa.

Mzee Baki, asante kwa mikono yako iliyojaa wino, kwa masihara yako, na kwa kutufanya tuzitazame namba kama watu wenye tabia zao. Tunakuombea afya, mapumziko matamu na jioni ndefu na mama.

Ila hujamaliza. Milioni uliihesabu, zile elfu ishirini na mbili na ushei zilizozidi ulizisahau. Mashine leo ni nzima kabisa, lakini tumeizima makusudi, na hakuna atakayeiwasha kabla yako. Chaki iko pale pale.

Jaribu 1009.