Jicho Langu Halikuwa na Dhambi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wote, hata na wale walionitenga. Leo nasema kwa ajili ya mdogo wangu Sesilia, wa miaka mitatu, ambaye jicho lake limeanza kukimbia kama langu. Sitaki mumfanyie mlichonifanyia mimi!

Nilikuwa na makengeza tangu utoto. Jicho la kulia lilitazama mbele, la kushoto likaenda zake pembeni. Shuleni mwalimu alinichapa akidhani nanakili kwa jirani. Na humu kanisani wanaume wanakaa kulia, wanawake kushoto. Bon, basi, jicho langu likakaa na wanawake! Mzee Zakaria, mlinda mlango wetu, akanishika sikio katikati ya maombi.

"We kijana! Iko unaangalia nini kule?"

"Mzee, naangalia muhubiri."

"Muongo! Jicho iko kwa wabinti!"

Nikatengwa, nikaondolewa darasa la ubatizo. Kwa jicho, ndugu zangu! Mkaniwekea mikono kufukuza pepo wa tamaa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na tamaa yangu yote ilikuwa viazi vya Bugeshi!

Aliyesimama upande wangu ni shangazi, muuza samaki. Alimwambia baba mbele ya wazee: "Kaka, hii si zambi, ni mushipa. Kesho naenda naye kwa munganga wa hospitali."

Katika hospitali ya wamisionari nilinusishwa dawa ya usingizi. Daktari akakata msuli uliovuta jicho nje, akaushona mahali pengine. Kitambaa kilipofunguliwa, macho mawili yakanitazama pamoja kwenye kioo. Nililia, wala sikufanya mzaha.

Lakini daktari akasema: "Umechelewa. Limenyooka, ila litaona hafifu tu. Ungeletwa ukiwa mdogo, tungeliokoa."

Hapo nilikasirika, na bado nimekasirika! Miaka yote mliyokemea pepo, jicho lilikuwa linazimika!

Niliporudi, Mzee Zakaria akanikumbatia: "Sasa naona umetubu!"

"Hapana, mzee. Nilishonwa."

Namshukuru Mungu aliyewapa watu mikono ya kushona. Mtumainini, ndugu zangu! Baba, Mzee Zakaria, mwekeeni Sesilia mikono, ombeni kwa sauti kubwa, lakini ombeni mkitembea. Kamyo ya kwenda hospitali inaondoka kesho asubuhi, na dereva hangoji amina.