Kilio cha Mama Régine Aliye Hai

Mgeni rasmi, Papa Edouard, mwenye tanuru zinazotulisha,

KARIBU

Tumefurahi kukuona kwa macho. Wengi wetu tulikujua kwa sauti ya simu tu, ile inayomfanya meneja asimame wima ofisini. Utuwie radhi kwa unga ulio kwenye kiti chako. Tumekipangusa, lakini unga wa hapa hausikii la mtu.

TULIKOTOKA

Kazi hii ilianza na tanuru moja ya kuni, na mkandaji akiwa Mama Régine. Leo mikate yetu inafika chuoni Kasapa kabla wanafunzi hawajanawa uso. Umeme ukikatika na mashine ikagoma, Mama Régine hukunja mikono ya blauzi na kukanda mwenyewe, huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya sana. Tunaipenda sauti hiyo.

TUZO ULIYOAGIZA

Mwaka huu ulituma neno kwamba mfanyakazi bora atukuzwe langoni. Tulishangaa, kisha tukafurahi, maana mcheza kwao hutunzwa. Meneja akachukua picha ya Mama Régine ya kadi ya kazi, ile aliyonuna, akaikuza na kuisimamisha juu ya meza yenye kitambaa cheupe na maua. Chini yake akaandika: 1998 – 2025. Alimaanisha miaka ya kazi, kisha akaenda mjini kununua utepe. Papa, wewe unakaa mbali. Hapa Lubumbashi picha ya namna hiyo ina maana moja tu.

Tuliofika asubuhi tulipiga yowe. Mama alikuwa likizoni, na simu yake haikupatikana. Hakuna aliyejiuliza mara mbili. Tukabeba viti, unga na gunia la makala ya kupikia, tukaenda kwake Katuba kwenye kilio.

YALIYOTUKUTA KATUBA

Mama Régine alikuwa uani akifua. Akasikia vilio mbele ya nyumba, akasikia na jina lake, akanyata hadi nyuma ya mlango. Alitueleza baadaye kwamba aliogopa kidogo, lakini hamu ya kujua ilimshinda. Ni nani atakayemlilia? Na watasema nini? Akachungulia, akamwona mwenzetu Nono, asiyesalimia mtu asubuhi, amejitupa chini mavumbini. Chishimba, mkuu wa zamu, alikuwa ameshika kichwa.

"Huyu mama alinifundishaka kazi," akalia, "na hata siku moja sikumuambia aksanti!"

Hapo Mama Régine akashindwa kujizuia. Akatoka na povu la sabuni mikononi. Wengine wetu waliruka ukuta, na hatutawataja. Waliobaki walinyamaza kimya.

"Juu ya nini munanyamaza?" akauliza. "Muendelee, niko nasikia!"

Tulicheka hadi tukalia upya. Unga tuliobeba tukausonga bukari, tukala pamoja na marehemu. Lakini tuliporudi aibu ilitupata. Miaka yote tumekanda naye bega kwa bega, na maneno yale mazuri tulikuwa tukiyawekea akiba jeneza lake.

KINACHOTUSUMBUA

Meneja, kwa kuona haya, aliondoa picha na kufuta tuzo zote. Tunajua wapo wasemao mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tungependa kujua ni mgema gani huyo, maana hapa hajasifiwa hata mmoja tukaona. Na Mama Régine anastaafu mwisho wa mwezi huu.

TUNAYOOMBA

Tuzo zirudi. Picha ipigwe mtu akiwa anacheka, na maua meupe yaachwe sokoni. Tena tuulizwe kwanza, sisi tunaojua mila za hapa.

Ombi la mwisho si letu. Siku ile, tulipokuwa tukikusanya viti, Mama Régine alituuliza: "Chishimba amesema, Nono naye amesema. Na patron, ye alisema nini juu yangu?"

Patron ni wewe. Papa, hadi leo anatuuliza.

Huyu hapa safu ya mbele, mwenye kitenge cha kijani. Tumemwomba asimame. Sisi tunaketi.

Mungu azibariki tanuru hizi, akulinde njiani, na sasa hivi akupe maneno.

Ni sisi watoto wako wa kazi,
Wakandaji, wachomaji na wauzaji wa mkate, Kamalondo, Lubumbashi.