Mama Kushoto Anaweka Mkasi Chini

Mkata nguo anayenizidi mimi bado hajazaliwa, na mama yake bado hajaolewa. Mkasi ukiniona unafunguka wenyewe. Nikipita karibu na jora la kitambaa, linajikunjua kwa heshima. Ndiyo maana msimamizi wetu alipouliza nani aandike maneno ya kumuaga Mama Kushoto, vidole vyote vilininyookea mimi, pamoja na changu. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe niliingia mguu mmoja tu, lakini kushika kalamu na kushika mkasi ni kazi moja: mkono usitetemeke.

Msimamizi kanionya nianze na miaka na tarehe, mbwembwe baadaye. Haya. Mama Kushoto wa karakana yetu ya sare anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Miaka ishirini na sita alikuwa mkuu wa meza ya kukatia. Mitatu ya mwisho amekaa meza ya vifungo, kule pembeni penye dirisha lisilofungika. Kwa nini mkuu wa meza aliishia kwenye vifungo, na kwa nini anaitwa Kushoto wakati anakula, anaandika na kukata kwa mkono wa kulia, wengi wenu mnajua, au mnadhani mnajua. Nitafika huko. Mkinisukuma nitachelewa makusudi.

Aliingia hapa akiwa binti mwembamba, kazi yake kutembeza sumaku sakafuni na kuokota pini. Mwaka wa pili akapewa chaki. Mwaka wa tatu akapewa mkasi na meza, na tangu hapo sare zote zilizotoka mlango ule zilipita mikononi mwake: za wauguzi, za wanafunzi, za walinzi, za wapishi. Kama ulisoma shule yoyote ya mji huu, basi makwapa yako anayajua kuliko mama yako.

Futi kamba huivaa shingoni kama mkufu, lakini haitegemei sana. Alikuja mlinzi mmoja, mtu wa tumbo la kujitosheleza, akakataa kupimwa. Akasema kiuno chake ni thelathini na nne, ndicho alichooa nacho. Mama akamtazama mara moja, akasema, "Sawa, baba," akakata suruali ya arobaini na mbili, na lebo ya namba hakuiweka. Mlinzi akavaa, akajishika kiuno, akatabasamu hadi getini. Mpiga pasi wetu, ambaye huenda kanisani mara mbili kwa mwaka na zote mbili hulala, akamuuliza Mama kama huko si kumdanganya mtu.

"Sijamwambia namba," Mama akajibu. "Namba ni ya fundi. Ya mwenye nguo ni kusitirika."

Neno hilo ndilo lake. Kila asubuhi, kabla ya kukata cha kwanza, alikuwa anaweka kiganja juu ya kitambaa na kuomba, kwa sauti ndogo lakini si ndogo kiasi cha sisi kutosikia: "Bwana, ulinisitiri jana, nisitiri na leo." Basi. Hakutuhubiria. Ila ukimchokoza wakati wa chai, utajuta, maana vikombe vitapoa na yeye hajafika katikati.

Mpiga pasi alipenda kumchokoza. Siku moja alininyooshea mimi mkate wake akauliza, "Mama, huyo Mungu wako anampenda hata huyu? Anayechelewa, mwongo, mwenye kujisifu hata usingizini?"

"Huyu hasa," Mama akasema.

"Kwa lipi zuri alilofanya?"

"Kama angesubiri zuri la huyu, si angechoka? Alianza kumpenda kwanza. Zuri litafuata, au litakawia, lakini mapenzi hayakai foleni kulisubiri."

Mpiga pasi akacheka hadi mkate ukampalia. Mimi sikucheka sana. Mtaona kwa nini.

Sasa jina. Hadithi mnayoijua ni hii. Miaka mitatu iliyopita kwaya moja iliagiza majoho thelathini na sita ya satini nyeupe, satini yenye uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Mbele ya joho kuna vipande viwili, cha kushoto na cha kulia. Kwa hiyo mkataji hukunja kitambaa, uso ukitazamana na uso. Akikata mara moja anapata pacha. Ukitandaza tabaka zote uso juu, kazi inakimbia kama imeibiwa, lakini pacha hupati. Unapata upande mmoja tu, na kuugeuza huwezi, maana mgongo hauna mng'ao. Ndivyo ilivyokuwa. Vipande sabini na viwili, vyote vya kushoto. Kwaya nzima ingesimama mbele ya waumini imevaa nusu joho.

Msimamizi alipoingia saa sita na kuviona, alishika kichwa. "Nani kafanya hivi?"

"Kilichokatwa kwenye meza hii ni changu," Mama akasema.

"Mama! Miaka ishirini na minane, halafu kosa la mwanafunzi?"

"Kilichokatwa kwenye meza hii ni changu."

Wiki iliyofuata alihamishiwa kwenye vifungo, na meza, kwa kukosekana mkataji mwingine, akapewa kijana hodari, yaani mimi. Lakini vile vipande hakuvitupa. Baada ya saa za kazi, wiki tano, alivipunguza kimoja kimoja, akaviunganisha kwa mshono katikati ya mgongo, akatoa majoho madogo ya watoto. Kwaya ilipokuja kuchukua majoho ya wakubwa, yaliyokatwa upya, ikakuta na ya watoto ambayo haikuyaagiza. Kiongozi wao hakuwa hata na kwaya ya watoto. Sasa anayo. Jumapili nenda ukawaone: kila mtoto ana mshono mgongoni, na wanaimba kama vile mshono ule ni pambo.

Hiyo ndiyo hadithi mnayoijua, na mkiitaja huwa mnacheka na kumpigapiga Mama begani. Anayechapa karatasi hii namwomba asikate kuanzia hapa. Nami nimesema nitaisoma kwa sauti, na Mama atakuwa kiti cha mbele, kwa hiyo hata ukikata, kinywa changu hutakikata.

Asubuhi ile Mama hakuwepo mezani. Alikuwa amekwenda shule ya jirani kupima watoto. Kabla ya kutoka aliniambia, "Satini usiiguse mpaka nirudi." Mimi wakati huo nilikuwa msaidizi wake mezani, nina barua mbili za onyo, ya tatu ni geti. Mtu mwenye akili angekaa juu ya mikono yake. Mimi nikataka arudi akute kazi imekwisha, aseme huyu kijana ni moto. Nikatandaza tabaka zote uso juu, nikakata huku napiga mluzi.

Alirudi saa sita kasoro robo. Akainua kipande kimoja. Akainua cha pili, akakiweka juu ya cha kwanza. Akachukua cha chini kabisa. Kisha akanitazama, nami ulimi huu mnaoujua ulikuwa umekauka kama kipande cha sabuni kilichosahaulika juani.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Kaoshe uso, ukale."

Niliporudi, msimamizi alikuwa amekwisha kuja na kuondoka, na maneno yale yalikuwa yamekwisha kusemwa.

Jioni nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anaokota pini, kazi yake ya mwaka wa kwanza. "Mimi pia kuna aliyesimama mahali pangu," akasema, "nikiwa sina la kujitetea. Alisimama msalabani, mwanangu, si mbele ya msimamizi mwenye kelele. Haya ya leo ni madogo."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuwahi. Nilifagia chini ya meza yake ya vifungo, nikamchotea maji, nikamnolea hata mkasi ambao hakuwa anautumia tena. Miezi miwili hivi. Mkanisifu kwamba nimebadilika. Yeye akanishika mkono wenye fagio. "Unafagia kwa sababu kuna vumbi, au unajilipia?" Akauachia mkono wangu. "Kama kuna vumbi, fagia. Kama unajilipia, weka fagio. Ukishalipia neema, umeifanya bidhaa."

"Kwa hiyo nifanye nini, Mama?"

"Uipokee. Siku ukiwa na nguvu utasema ukweli. Usiposema, chai yako bado utaikuta hapa."

Na kweli niliikuta, kila siku, miaka mitatu, imefunikwa na kisahani isipoe. Hakunikumbusha hata mara moja. Hata kwa jicho. Mngejua inavyomkaba mtu chai ya namna hiyo!

Mama, kwa niaba ya meza zote, cherehani zote na mpiga pasi aliyelala, tunakushukuru. Pumzika mpaka uchoke kupumzika. Macho yako yasikose uzi wala sindano, wajukuu wako wakue polepole ili usihangaike kupunguza pindo, na Aliyekusitiri akae nawe nyumbani kama alivyokaa nawe hapa. Kuanzia Jumatatu meza ya kukatia itakuwa na maandishi ya chaki pembeni, na chaki hiyo kila siku nitairudia: kilichokatwa kwenye meza hii ni changu.

Lakini kilichoharibika hasa si satini. Satini ilipata watoto wa kuivaa. Kilichoharibika ni kwamba wiki ile watu walipoanza kuulizana, niliogopa wasije wakafika kwangu, nikawapa kitu cha kuchekea. Wakacheka, kikamganda Mama, naye siku ya kwanza tu alipoitwa hivyo aligeuka akaitika, "Abee."

Vile vipande sabini na viwili nilivikata mimi. Na jina la Kushoto nililitunga mimi.